Msimu wa mbu Dodoma: ununue kipi kwanza, kipi baadaye

Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na mvua zenyewe ni haba. Ndiyo maana wengi wanaohamia huku huacha vyandarua walikotoka. Ni kweli, malaria huku haijakithiri kama Kagera au Kigoma. Lakini mbu wapo, na wengine hawangoji hata mvua. Mgao wa maji unatulazimu kujaza mapipa na matanki, makaro yako kila mtaa, na ukifika Bahi kwenye majaruba ya mpunga au Hombolo bwawani, mbu wa malaria ana maji tele ya kutagia.

Kama fedha haitoshi kununua vyote, fuata mpangilio huu. Nimetanguliza kinachomzuia mbu asikufikie, kwa sababu kizuizi unakilipia mara moja, ila sumu utailipia kila usiku.

1. Chandarua chenye dawa

Mbu wa malaria huuma hasa usiku, watu wakiwa wamelala. Chandarua kilichotiwa dawa kiwandani hukusudiwa kudumu takriban miaka 3 na kustahimili kufuliwa mara 20. Miaka 3 ni usiku zaidi ya 1,000. Gawa bei ya chandarua kwa hesabu hiyo, kisha linganisha na unachotumia kwa dawa ya kuchoma.

Shida ni kwamba vyandarua vingi vinavyopendeza sokoni, vile vya duara vyenye lesi na rangi, havina dawa. Vinasaidia, lakini mkono ukigusa wavu usiku mbu anakuuma hapohapo, na kikitoboka kidogo tu anaingia bila kudhurika. Kwa hiyo soma lebo. Tafuta jina la dawa: permethrini, deltamethrini au alfasaipamethrini. Ukiona pia imeandikwa PBO, chukua hicho hata kama bei imezidi. Mbu wa sehemu nyingi za nchi wamejenga usugu dhidi ya dawa hizo, na PBO hudhoofisha usugu huo. Utafiti wa Muleba, Kagera, uliochapishwa 2018, ulionyesha kuwa vyandarua vya aina hiyo vinakinga watoto kuliko vya kawaida. Vipo pia vyenye klorofenapiri, dawa ya aina nyingine, vilivyofanya vizuri kwenye majaribio ya Misungwi, Mwanza, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza.

Kuhusu ukubwa, usibane. Kitanda cha tano kwa sita kinunulie chandarua cha sita kwa sita, maana pindo lazima liingie chini ya godoro pande zote. Cha pembe nne kinakaa mbali na mwili kuliko cha duara. Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa dari ya jipsamu atafute chenye fremu yake. Ukifua, tumia sabuni ya kipande na uanike kivulini. Jua la hapa linaimaliza dawa mapema.

Kama nyumbani kuna mjamzito, msikimbilie dukani. Kliniki hutoa chandarua bure hudhurio la kwanza, na mtoto hupewa chake kwenye chanjo ya surua ya miezi 9. Ulizeni kwanza.

2. Wavu wa madirisha na milango

Huuzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Wa plastiki ni rahisi kwa bei lakini jua huukausha ukaanza kukatika; wa alumini ni ghali na unadumu. Mimi ningenunua alumini kwa chumba cha kulala, plastiki kwingine. Mwambie fundi auweke kwenye fremu ya kuchomoa, kwa sababu vumbi la kiangazi huziba matundu, na ukishindwa kuuosha nyumba inakosa hewa. Msisahau matundu ya hewa juu ya dirisha.

Baki na kipande kimoja. Kifunge kwa waya kwenye bomba la hewa la karo au choo cha shimo. Mbu wengi wanaotupigia kelele usiku hata kiangazi, aina ya Culex, huzaliwa humo.

3. Mifuniko ya vyombo vya maji

Aedes, mbu anayeeneza dengi, huuma mchana na hutaga kwenye maji safi yaliyotuama: pipa lisilofunikwa, tairi, sahani ya chini ya chungu cha maua. Chandarua cha usiku hakimzuii. Nunua mfuniko unaobana, au funga kitambaa kizito kwa mpira. Yai huchukua kama wiki moja hadi mbili kuwa mbu kamili, hivyo vyombo vidogo vimwage na kuvisugua kila wiki. Kwa madimbwi yasiyomwagika kuna dawa ya kibayolojia ya kuua viluilui. Kiwanda cha Kibaha, kilichozinduliwa 2015, hutengeneza.

4. Dawa ya kujipaka

Inawafaa wanaokaa nje jioni: walinzi, mama lishe, wanaosubiri abiria stendi. Chagua yenye DEET, kiambato kinachofukuza mbu, asilimia 20 hadi 30. Usimpake mtoto wa chini ya miezi 2, na mkubwa kidogo usimpake viganjani.

5. Dawa ya kopo, kisha ya kuchoma

Ya kopo inaua waliomo ndani saa hiyo. Kesho wanaingia wengine. Puliza, funga chumba, toka, kisha fungua madirisha kabla ya kulala. Ya kuchoma naiweka mwisho kwa sababu ya moshi. Watafiti walipima wakakuta koili moja inatoa chembe ndogo za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Iwashe barazani, kamwe si chumbani penye mtoto.

Visivyostahili fedha yako

Vifaa vya kutoa sauti ya kufukuza mbu havifanyi kazi, hata viwe vya bei gani. Hatari zaidi ni dawa inayouzwa kwa spika mtaani ikiwa kwenye chupa ya maji isiyo na lebo. Inaweza kuwa kiuatilifu cha shambani, na mtoto mwenye kiu haoni tofauti. Usinunue dawa yoyote isiyo na jina la kiambato, namba ya usajili na tarehe ya mwisho wa matumizi.