Mbao za miaka 22 na atelye moja ya Kenya

Kenya ninayoisema ni komuni yetu hapa Lubumbashi, si ile nchi. Atelye iko mwendo mfupi kwa mguu kutoka sokoni, haina bango, na ukipotea fuata mlio wa mashine. Hawauzi vitanda wala viti. Unawaletea mbao zako, wanazinyoosha, wanazipiga randa kwa mashine na kuzichana kwa kipimo ulichowapa, basi.

Bei kwanza, maana najua ndiyo wengi mnayoitafuta. Ubao mmoja, pande zake mbili pana, franka 3,000. Ukingo mmoja 1,000. Kuchana ni 1,500 kwa mstari. Umeme ukikatika utachagua: usubiri, au uongeze 10,000 za mafuta ya jenereta. Mimi nilisubiri tangu saa tano mpaka saa nane, nikachoka, nikatoa 10,000, na umeme ukarudi baada ya robo saa. Pesa haikurudi.

Sasa niwaeleze nilienda kufanya nini, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nawasifu watu walionikatalia nusu ya nilichotaka.

Baba yangu alikuwa modelye kwenye atelye kuu za Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kule Panda, Likasi. Modelye ni fundi wa mbao asiyetengeneza kitu cha mbao: anachonga umbo la gia, la gurudumu au la mfuniko wa pampu, watu wa fonderi, yaani karakana ya kuyeyusha chuma, wanalizika kwenye mchanga, wanalitoa, kisha wanamimina chuma kilichoyeyuka kwenye shimo lililobaki. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipotoka kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, naye alitoka. Sehemu ya pesa yake alinunulia mbao 16 za mulombwa, kila moja mita mbili na nusu, upana sentimita 25, unene tatu. Akachora kabati la milango mitatu nyuma ya kalenda. Bila msumari hata mmoja. "Hili litakuwa la kwako," akaniambia. Alifariki 2008, kabati likiwa bado kwenye kalenda. Nilirithi mbao, randa mbili, patasi, na rula ya chuma ya mita moja aliyokuwa akiipangusa mafuta kila Jumamosi.

Nimefundisha hesabu miaka 24. Randa naijua tangu utoto, kwa hiyo nilijiapiza kwamba kabati nitalitengeneza mwenyewe. Kila kiangazi nilisema ni mwaka huu. Kiangazi, kwa sababu ukiunga milango mvua zikiwa zimeanza, mbao zimekwisha kunywa maji, na kufika Julai utaona nyufa. Viangazi vikapita. Tukahama mara nne: Kampemba, Ruashi, Kamalondo, sasa Katuba, nyumba zote za kupanga, na kila mara mbao ndizo za kwanza kupakiwa. Mume wangu anasema zimeishi nyumba nyingi kuliko bibi harusi. Mwaka 2019 nilianza kweli. Nilikata kwa msumeno wa mkono miimo minne ya mita 2.10 na mbao mbili za juu na chini za mita 1.50. Halafu shule zikafunguliwa.

Mwaka huu nikakodi pusupusu, yaani mkokoteni, kwa 8,000, nikaifuata kwa nyuma kama msafara wa mazishi mpaka Kenya.

Mwenye atelye ni mzee, tumwite Papa tu. Hakunipokea kwa maneno mengi. Alisimamisha ubao, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akaupindua kuangalia kingo. Mulombwa ina moyo wa kahawia unaoelekea wekundu, na ganda jeupe pembeni. Moyo mchwa wanauogopa. Lile jeupe ni chakula cha wadudu. Mimi nilikuwa nimeona vitundu vidogo kama vya sindano na nikavipaka mafuta, nikiamini nimemaliza. Papa alichukua chombo chenye ncha, akakisukuma kwenye lile jeupe kwa kidole gumba. Kiliingia kama kwenye mkate. Akaweka ubao huo pembeni. Wa pili. Wa tatu. "Hizi tatu ni za jikoni, Mama." Nilikasirika. Mtu uliyemfahamu nusu saa anakuambia kwamba robo ya urithi wako ni kuni, hata kama si robo, ni 3 kwa 16. Lakini alinipasulia mmoja hapo hapo nione, na ndani ulikuwa unga.

Zile 13 zilizobaki zilitoka kwenye mashine nikanyamaza. Nilizizoea zikiwa za kijivu, zina vumbi la dari nne. Ilipopita ya kwanza, ukaonekana mstari wa dhahabu na wa damu ya mzee, ukikimbia toka mwisho mmoja hadi mwingine, na harufu ikajaa. Niseme ukweli juu ya kazi yenyewe: si safi kila mahali. Nyuzi za mulombwa hubadili mwelekeo ndani ya ubao mmoja, na visu vya mashine vilivyochoka, badala ya kukata, vinang'oa. Asubuhi kazi ilikuwa laini. Baada ya saa nane nikaanza kuona mikwaruzo kama ya ulimi wa paka. Pia mashine inauma zaidi kwenye miisho, kama sentimita sita hivi kila upande, kwa hiyo usipeleke ubao uliokwisha kukatwa urefu wake wa mwisho. Mimi nilipeleka sita. Na vumbi lake linawasha pua vibaya sana. Vijana wenyewe wanafanya kazi bila kitambaa usoni, na msumeno wa duara hauna kinga yoyote. Nilimwambia Papa. Akacheka. Hilo sikulipenda na bado silipendi.

Basi nikaomba wanikatie ubao wa tatu wa mita 1.50, wa rafu ya katikati. Kijana akapima kwa metere yake, yaani kipimo chake cha mita, akakata, akauleta. Nikauweka juu ya zile zangu mbili za mwaka 2019. Ulikuwa mfupi kwa sentimita tatu.

Jamani, nilimfokea. Nilimfokea kwa sauti ya darasani, ile inayofika mpaka uwanjani. Ubao wa mulombwa wa mwaka 2003, urithi wa marehemu, na wewe hujui kusoma moja na nusu? Kijana akapima tena mbele yangu: 1.50 kamili. Nikatoa rula ya baba kwenye mfuko nimwonyeshe. Nikapima ubao wangu: 1.50 kamili. Tukatazamana.

Papa akaja. Hakusema neno. Akailaza rula ya baba kando ya metere, sifuri kwa sifuri, akafuata kwa kidole mpaka mwisho. Mita moja ya baba ilikuwa inagusa sentimita 102.

"Mama, iyi rula njo ya wapi?"

"Ya baba yangu. Panda, Likasi."

"Alikuwa modelye?"

Nikasema ndiyo. Akaigeuza, akaifuta kwa mkono wa shati, akanionyesha alama ambayo nimeiona miaka yote nikidhani ni namba ya kiwandani: 2 %.

Chuma kikiwa cha moto kimepanuka. Kikipoa ndani ya mchanga kinanywea. Chuma cha pua hunywea kama mbili kwa mia. Kwa hiyo umbo la mbao lazima liwe kubwa kidogo kuliko kitu kinachotakiwa, na ili modelye asikae anapiga hesabu kila kipimo, walimpa rula iliyonyooshwa tayari. Kila sentimita yake ni ndefu kidogo. Kwa fonderi ndiyo rula ya kweli. Kwa kabati inadanganya. Moja na nusu mara 1.02 ni 1.53. Wanafunzi wangu wa mwaka wa pili wangeipata bila kushika kalamu.

Nilimwomba kijana msamaha mbele ya wenzake. Alijibu "aina neno, Mama," yaani si kitu, lakini mdomo wake ulikuwa unapigana na kicheko.

Nilidhani shida imeishia hapo: kata miimo upya, endelea. Papa ndiye aliyekaa juu ya rundo la mbao na kuniuliza kabati litasimama wapi. Chumbani, nikasema. Mlango wa chumba upana gani? Sikujua, kwa metere yoyote. Nyumba ni yako? Hapana. Litakuwa na uzito gani? Hilo nilijibu kwa chaki ukutani: mbao 13, mulombwa iwe kama kilo 600 kwa mita ya ujazo, inatoka karibu kilo 145 kabla ya bawaba na nguo. Bila msumari na bila skrubu maana yake ndimi, zile ncha za mbao, zimegundishwa kwenye matundu yake, haliwezi kufunguliwa siku ya kuhama. Papa akaitazama ile namba muda mrefu. Hakuniambia niache. Aliuliza tu kama najua bei ya watu sita wa kubeba.

Nilirudi nyumbani na mbao zangu zikabaki kwake usiku huo. Niliikunjua kalenda mezani. Nataka nikiri kitu: miaka yote hiyo sikuwahi kuhitaji kabati. Nguo zetu zinaenea kwenye masanduku mawili. Nilichokuwa nakihitaji ni kuwa binti anayelitengeneza. Na baba alilichora kwa nyumba ya kampuni, yenye dari ya juu, ambayo hata yeye hakuwa nayo tena siku alipolichora.

Asubuhi nilipeleka mchoro mwingine: sanduku la chini, urefu mita 1.10, la fremu na paneli. Paneli zinaingia kwenye mfereji wa fremu bila gundi, kwa sababu ubao hupanuka kwa upana wake mvua zikija, kwa urefu ni kidogo mno. Ukiugundisha pande zote utapasuka wenyewe. Watu wawili wanalibeba. Papa aliangalia, akabadilisha kitu kimoja tu, unene wa mfuniko, na alikuwa na haki.

Jumla yangu: 39,000 za pande pana, 26,000 za kingo, 7,500 za kuchana, na ile 10,000 ya jenereta. 82,500. Kukata ubao kuufupisha hawakunitoza.

Ukienda, nenda saa moja asubuhi, kabla visu havijachoka. Andika jina lako kwa chaki kwenye kila ubao, maana ubao wangu mmoja niliukuta kwenye rundo la mteja mwingine, na yeye alikuwa ameshaupenda. Acha sentimita kumi za ziada. Funga kitambaa puani. Na pima kwa metere yao, si kwa yako.

Papa alitaka kuinunua ile rula. Nilikataa, iko ukutani juu ya meza yangu. Sanduku limefika kwenye bawaba. Alhamisi narudi Kenya kwa ajili ya mfuniko, na vijana wakiniona tangu mbali wanaanza kuita: "Mama Mbili kwa Mia amekuja, ficheni metere!"