Volti 20, 40 au 56? Mwongozo wa kununua mashine za betri za kukatia nyasi na ua

Anayenunua mashine ya kukatia nyasi inayotumia betri hununua vitu viwili kwa mpigo: mashine yenyewe, ambayo fundi mzuri anaweza kuirekebisha ikiharibika, na mfumo wa betri, ambao utamfunga kwa miaka mingi kwa sababu betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii katika mashine ya kampuni nyingine. Ndiyo maana mwongozo huu unapanga mifumo ya volti badala ya kupanga mashine, tena unaipanga kwa kigezo ambacho wanunuzi wengi hukipuuza: je, betri ya pili ya aina hiyo, na nyingine tena ile ya kwanza itakapochoka, itapatikana Nakuru, Kisumu au Kakamega bila kuagizwa ng'ambo?

Tuanze na namba zilizo kwenye boksi, maana ndizo zinazochanganya watu. Seli moja ya lithiamu (kijibetri kimoja kati ya vile vilivyofungwa pamoja ndani ya betri) ya aina inayotumika katika mashine hizi ina volti 3.6 kwa wastani, na inapotoka kwenye chaja ikiwa imejaa hufika 4.2. Seli tano zikiunganishwa kwa mfuatano hutoa volti 18 za wastani, lakini muuzaji anayependa kuhesabu volti 4 kwa kila seli ataandika 20. Kwa hiyo 18 na 20 ni mfumo mmoja wenye majina mawili. DeWalt, kwa mfano, huuita 18 barani Ulaya na 20 nchini Marekani. Vivyo hivyo 36 na 40 ni seli kumi, 54 na 60 ni seli kumi na tano, na zile 56 za kampuni ya EGO ni seli kumi na nne ambazo wastani wake halisi ni volti 50.4.

Volti peke yake haikuambii mashine itafanya kazi kwa muda gani. Kinachoeleza hilo ni wati-saa (Wh), yaani volti za wastani mara ampea-saa (Ah), kipimo cha kiasi cha umeme ambacho betri inahifadhi. Betri ya volti 18 na ampea-saa 5 hubeba wati-saa 90, na betri ya volti 36 yenye ampea-saa 2.5 hubeba 90 zilezile, ingawa ya pili ndiyo itakayosifiwa zaidi dukani. Gawanya bei kwa wati-saa upate gharama ya kila wati-saa moja. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba betri ya volti 18 na ampea-saa 4 inauzwa shilingi 8,000, na ya volti 36 na ampea-saa 2 inauzwa shilingi 9,500. Zote zina wati-saa 72, kwa hiyo ya kwanza inakugharimu takriban shilingi 111 kwa kila wati-saa na ya pili takriban shilingi 132.

Faida ya kweli ya volti nyingi iko kwenye mkondo wa umeme. Mota inayohitaji wati 720 huvuta ampea 40 kutoka kwenye volti 18, lakini huvuta ampea 20 tu kutoka kwenye volti 36, na kwa kuwa joto la waya hupanda kwa kipeo cha pili cha ampea, joto hilo hupungua hadi robo. Swichi na viungo navyo hupumua. Hata hivyo seli zenyewe hazipati nafuu yoyote kama idadi yake ni ileile: seli kumi zikipangwa kwa mfuatano mmoja au kwa mifuatano miwili ya tano tano, kila moja bado itabeba ampea 20. Kwa maneno mengine, volti nyingi huwa na maana pale mashine inapofanya kazi nzito mfululizo, si pale inaponyoa ukingo wa njia ya miguu.

Hapa sina budi kuonya kuhusu betri za bei ya kutupa zilizoandikwa 88V, 128V au hata 288V, ambazo huuzwa mtandaoni na kwenye vibanda pamoja na mashine ndogo za kufyekea. Kwa kawaida ndani yake mna seli tano au kumi tu, na volti zake ni zilezile 18 hadi 21. Huhitaji kuifungua ili kuibaini. Geuza betri, tafuta maandishi madogo karibu na meno ya shaba, na uone kama wati-saa zimetajwa. Kisha omba mizani. Seli ya milimita 18 kwa 65, ambayo ndiyo ya kawaida, ina uzito wa gramu 45 hivi na kwa kawaida haizidi ampea-saa 3.5, kwa hiyo betri ya volti 18 yenye ampea-saa 5 ya seli hizo lazima iwe na seli kumi, yaani gramu 450 kabla ya kuongeza ganda. Betri inayodai ampea-saa 6 huku ikiwa nyepesi kama simu mbili inadanganya, na mwenye duka akikataa kuipima, nawe umepata jibu lako.

Sasa mpangilio. Nafasi ya kwanza, kwa wanunuzi wengi wa mji, naipa volti 18 au 20. Ploti ya futi 50 kwa 100, ukiondoa nyumba, tangi la maji na banda la kuku, hubakiwa na nyasi ambazo mashine ya uzi wa nailoni ya mfumo huu inazimudu. Makita, Bosch, DeWalt, Ingco na Total wote wana mfumo wa 18 au 20, na betri hiyohiyo huendesha drili, grainda na taa, jambo ambalo lina uzito kwa familia yenye fundi ndani yake. Upungufu wake ni muda. Mashine inayovuta wati 300 kutoka kwenye betri ya wati-saa 72 itazimika baada ya dakika 14 hivi, kwa hiyo nunua betri mbili tangu mwanzo, wala usidanganywe na seti yenye betri moja ya ampea-saa 2. Angalia pia kwamba volti zikilingana haimaanishi betri zinalingana: za Bosch za buluu (za mafundi) na za kijani (za nyumbani) zote ni volti 18, lakini haziingiliani.

Nafasi ya pili ni ya mashine zinazotumia betri mbili za volti 18 kwa pamoja ili kupata 36, kama zile za Makita za kusukuma kwa magurudumu na misumeno ya mnyororo. Naziheshimu kwa sababu mtu huanza na ndogo, kisha akapanda bila kutupa betri zake. Kasoro yake ni kwamba betri iliyochoka huishusha mwenzake, kwani ile dhaifu ikiisha mashine inasimama hata kama nyingine ina nusu.

Volti 36 au 40 halisi nimeziweka nafasi ya tatu, na najua wenye mashamba makubwa hawatakubaliana nami. Kwa kazi yenyewe ndizo bora. Nyasi za kikuyu zilizosongamana kama zulia huko Njoro na Bahati baada ya mvua za Aprili, au ua wa kayaba wenye miiba na matawi yaliyokomaa, hukamua mashine ya volti 18 hadi ikajizima kwa joto, ilhali ya 36 huendelea. Tatizo ni upatikanaji: kampuni kama Stihl na Husqvarna huuza kupitia mawakala wao, na betri ya akiba hutegemea wakala huyo ana nini stoo. Ukiwa na nusu ekari na wakala yuko mjini kwako, ipandishe hadi nafasi ya kwanza. Kwa Stihl uliza kama mashine ni ya mfumo wa AK au AP, ambazo ni familia tofauti za betri, na kwa Makita kumbuka kwamba betri ya 40 haiingii katika mashine ya 18.

Volti 54 hadi 60 zinafuata kwa mbali. Ni mashine zenye nguvu za kweli, lakini huku kwetu mara nyingi hufika zikiwa zawadi ya ndugu aliye ughaibuni, na hapo ndipo shida inapoanza. Kanuni za usafiri wa anga huruhusu abiria kubeba betri ya akiba ya hadi wati-saa 100 katika mkoba wa mkononi. Kati ya 100 na 160 lazima shirika la ndege likubali. Zaidi ya hapo hairuhusiwi. Betri ya volti 56 na ampea-saa 5 inapita mpaka huo kwa mbali, kwa hiyo mashine itakuja lakini betri itabaki. Katika kundi hili, betri za FlexVolt za DeWalt zina unafuu mmoja, kwamba hujigeuza na kufanya kazi katika mashine za volti 18 za kampuni hiyo. Volti 80 niiache mkiani, maana sioni nani wa kumuuzia betri mtu wa Kakamega.

Anayefyeka viwanja vya shule au kando ya barabara kwa malipo asisumbuke na orodha hii; mashine ya petroli bado inamfaa zaidi, kwa kuwa galoni moja humfanyia kazi ya betri nyingi.

Kabla ya kulipa, soma nyuma ya chaja. Umeme wetu ni volti 240, na chaja ya Marekani iliyoandikwa 120 peke yake itaungua mara tu utakapoichomeka. Kisumu ambako mchana huwa moto, acha betri ipoe kivulini kabla ya kuichaji, wala usiiache ndani ya gari; na kwa vile radi za ukanda wa ziwa hazina adabu, chomoa chaja mawingu yanapokusanyika. Mwisho, dhamana ya betri mara nyingi ni tofauti na fupi kuliko ya mashine, kwa hiyo mwambie mwenye duka aandike namba ya betri, si ya mashine pekee, kwenye risiti.