Matembezi ya Mariposa Grove: mwongozaji wa kusifiwa, ratiba ya kurekebishwa

Mwishoni mwa kiangazi nililipia matembezi ya siku moja kutoka Fresno, California, hadi Mariposa Grove, msitu wa misekwoia, miti minene na mirefu kupindukia, ulio kusini mwa hifadhi ya taifa ya Yosemite. Kampuni iliyotupeleka ni ndogo na sitaitaja, kwa kuwa nina lawama moja juu yake. Lakini mwongozaji aliujua msitu ule kama mkulima anavyolijua shamba lake, na kwa ajili yake ningelipa tena.

Kituo cha kwanza kilikuwa kabla hatujafika langoni, kando ya barabara karibu na Fish Camp, katika eneo ambalo wavunaji wa mbao walifanya kazi hadi mwaka 1931. Alituonyesha kisiki kipana cha msonobari, kisha akatuomba tujaribu kupita katikati ya miti iliyokizunguka, na hatukuweza. Wavunaji walichagua miti minene, ambayo ndiyo yenye gome la kuhimili moto, na nafasi iliyoachwa wazi ikajazwa na miche ya firi nyeupe, mti wa jamii ya msonobari, na ya mierezi, inayovumilia kivuli na kusongamana. Zamani moto mdogo, uliowashwa na radi au na wenyeji wa asili, Wamiwuk, ulipita chini kila baada ya miaka michache na kuipunguza miche hiyo. Baada ya moto wa mwaka 1910 kuteketeza takriban ekari milioni 3 huko Idaho na Montana, serikali iliazimia kuzima kila moto, na kufikia mwaka 1935 Idara ya Misitu ilikuwa na kanuni kwamba moto wowote uwe umedhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Hifadhi za taifa nazo zilikuwa zikizima vivyo hivyo.

Mimi nimekulia Mufindi, ambako misonobari ya Sao Hill ni ya kupandwa na moto ni adui anayezuiwa usiku na mchana, kwa hiyo maelezo haya yalinikaa kwa shida mwanzoni.

Kilichonishawishi ni koni moja, yaani tunda gumu la magamba linalobeba mbegu. Ndani ya Mariposa Grove, ambao umehifadhiwa tangu mwaka 1864 na haukupata shoka kama majirani zake, mwongozaji aliokota koni ya msekwoia, ndogo kama yai la kuku, akaikung'utia kiganjani mwangu. Zilidondoka mbegu nyembamba kama magamba, ambazo hazifiki urefu wa punje ya mchele. Kisha akafukua majani makavu kwa vidole, na mkono wake ukazama hadi kifundo kabla ya kugusa udongo. Mbegu hizo huhitaji udongo mtupu na jua, na ni joto la moto linalozikausha koni zilizo juu hadi zifunguke na kumwaga mbegu kwa wingi. Katika miaka ya 1960 mtafiti Richard Hartesveldt alionyesha hapa hapa kwamba msitu uliolindwa dhidi ya moto ulikuwa umekosa watoto. Mwongozaji akairudisha koni pale alipoiokota.

Tulipofika kwa Grizzly Giant, mti wa miaka inayokadiriwa kuwa karibu 3,000, nililitazama kovu jeusi lililo kwenye shina lake kwa macho mengine. Gome lake nene linaweza kuhimili moto unaotambaa chini. Lisichoweza kukihimili ni moto unaopanda matawi ya firi kama ngazi hadi kileleni. Mwaka 2020 moto wa Castle, kusini zaidi katika milima ile ile ya Sierra Nevada, uliua kati ya asilimia 10 na 14 ya misekwoia mikubwa yote duniani. Mwaka 2022 moto wa Washburn ulipofika Mariposa Grove, ulikuta sehemu ambazo hifadhi imekuwa ikizichoma kwa mpango tangu mwaka 1971, ukapungua nguvu, na Grizzly Giant ukabaki umesimama.

Lawama yangu ni ya ratiba. Tulikaa karibu saa nzima katika duka la zawadi njiani, na hapa tukapewa dakika ishirini tu, wakati ambapo kuna miche michanga ya misekwoia ndani ya eneo lililochomwa, nami nilitaka kuiona kwa karibu. Niliiona kutoka njiani, mifupi kuliko goti langu.

Basi la hifadhi kutoka uwanja wa kuegesha magari hadi msituni ni la bure, na kitanzi cha Grizzly Giant ni kilomita 3 na ushei, hivyo mwenye gari anaweza kwenda mwenyewe. Anayependa kuongozwa, na aulize kabla ya kulipa kwamba atapewa angalau saa mbili ndani ya msitu, na kwamba gari litasimama kwenye visiki vya Fish Camp.