Uzoefu wangu: spredishiti kwa hesabu za omena Kibuye

Mimi na shangazi tunauza omena, dagaa wa Ziwa Victoria, soko la Kibuye, hapa Kisumu. Mzigo hutoka Mbita, mara nyingine Usenge. Hesabu zilikuwa kwenye daftari mpaka nilipozihamishia kwenye spredishiti, yaani programu ya majedwali yanayojipigia hesabu, katika laptopu kuukuu isiyohitaji intaneti. Kazi imekuwa nyepesi, hilo halina ubishi. Kubwa zaidi ni jinsi programu yenyewe ilivyogeuza namna yetu ya kufikiri.

Daftari lilinionyesha yaliyokwisha kupita. Sasa nauli ya gunia ina kisanduku chake, bei ya kununulia ina chake, na faida inajipiga. Nauli ikipanda shilingi 50, naona papo hapo gorogoro, lile kopo letu la kupimia, iuzwe ngapi. Nimezoea hivyo hata nikiwa sokoni mikono mitupu: mvua ikikaa wiki nzima, omena zisikauke vizuri, tukalazimika kuwauzia watu wa chakula cha kuku, tutabaki na nini? Zamani sikuwa na maswali ya aina hiyo. Ndilo jambo alilolitafuta Dan Bricklin akiwa mwanafunzi Harvard, jedwali ambalo ukibadilisha namba moja nyingine zinajirekebisha, na mwaka 1979 spredishiti yake na Bob Frankston, VisiCalc, ikaanza kuuzwa.

Shida ilianzia kwenye kiolezo, yaani spredishiti iliyokwisha kupangwa na mtu mwingine, nilichopakua. Kilikuja na kurasa 12, Januari hadi Desemba, na chati mwishoni. Chati ikapanda hapa, ikashuka pale, nasi tukaanza kuitafutia sababu: karo za shule, watu hawana pesa, washindani wameongezeka. Shangazi akavaa miwani, akasogea karibu na skrini.

"Hapa palikuwa na mbalamwezi, mwanangu. Na hapa pia. Angalia tarehe."

Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti samaki vizuri, mzigo unapungua, bei ya ufuoni inapanda. Mzunguko huo huchukua siku 29 na nusu hivi, wala haungoji tarehe mosi. Kurasa zangu zilikuwa zikiukata vipande, na sisi tukawa tunajadili vipande. Shangazi, ambaye kompyuta haijui, alikuwa anauona mzima. Nilifuta zile kurasa, nikaweka mauzo yote kwenye jedwali moja refu, nikaongeza safu ya giza na mbalamwezi. Tangu hapo tunanunua kwa wingi giza linapoelekea kwisha, tunaweka akiba iliyokauka sawasawa.

Jingine ni robo tatu. Ukiandika 3/4 ya gorogoro, programu inaigeuza tarehe 3 Aprili. Dawa ni kutanguliza sufuri na nafasi, yaani 0 3/4. Usidhani ni tatizo la wachuuzi peke yao. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitoa mwongozo mpya, na jeni kama SEPT1 na MARCH1 zikapewa majina mengine, kwa kuwa Excel, spredishiti ya Microsoft, ilikuwa ikizifanya tarehe. Wanasayansi wakabadilisha majina ili programu isiwavurugie kazi! Ukiona hivyo, ujue kisanduku kina nguvu.

Kwa biashara ndogo naipendekeza spredishiti bila kusita, lakini usianze na kiolezo cha mtu mwingine. Kaa na yule anayeijua biashara yako, mchore safu kwenye karatasi, ndipo ufungue kompyuta. Na kama unauza kwa mkopo, weka safu ya maelezo kando ya deni. Kwenye daftari shangazi aliandika "mumewe amelazwa, asubiriwe hadi Jumapili". Spredishiti ilibakisha namba tupu yenye rangi nyekundu, na kila nikiiona natamani kumkatia mteja huyo mkopo. Sasa maelezo ya shangazi yanaingia kama alivyoyasema, na mama huyo bado ni mteja wetu.