Kiti Cheupe cha Enzi na Kiti cha Hukumu cha Kristo
Katika Ufunuo 20, wafu, wakubwa kwa wadogo, wanasimama mbele ya kiti cheupe, vitabu vinafunguliwa, na yeyote asiyeonekana katika kitabu cha uzima anatupwa katika ziwa la moto. Paulo, ambaye mwenyewe aliwahi kupelekwa mbele ya kiti cha hukumu cha liwali Galio huko Korintho, anawaandikia Wakorintho habari ya hukumu ya namna nyingine, ile ya kiti cha hukumu cha Kristo: kazi ya mjenzi inapimwa kwa moto, dhahabu inabaki, manyasi yanateketea, naye anaokolewa, ingawa amepata hasara. Yapo makanisa yanayoziona hukumu hizi kuwa moja. Mimi huzitenganisha, kwa kuwa ya kwanza huuliza mtu ni wa nani, na ya pili amejenga nini.