Multitapu ya PS2 na kebo ya LAN, uzoefu wangu wa miezi minne (nilipopigwa na nilipofaidi)

Naanza na kosa langu maana ndo limenigharimu. PS2 yangu (mashine ya gemu ya Sony) ni slim, yaani ile nyembamba, nikaenda Kariakoo kutafuta multitapu, kile kidude unachomeka kwenye mashine kinakupa matundu manne ya pedi badala ya moja. Nikamkuta jamaa ana meza ya spea za gemu za zamani, nikamuuliza kaka hii inaingia slim, akanijibu bila hata kuinua macho "inaingia zote bosi, PS2 ni PS2". Nikatoa elfu arobaini. Nafika home upande wa pedi umeingia, upande wa memori kadi umegoma, nasukuma haiendi, nageuza haiendi, mdogo wangu ananiangalia tu anacheka. Kurudisha? Aliniambia mzigo ukishatoka mezani hajui habari zake.

Kumbe multitapu ya PS2 inashika sehemu mbili kwa mpigo, tundu la pedi na la memori kadi lililo juu yake, na kwenye slim tundu la kadi ni fupi kwenda ndani kuliko lile la mashine nene. Kwa hiyo ile ya mashine nene, imeandikwa SCPH-10090, haikai kwenye slim. Ya slim ni SCPH-70120. Namba imeandikwa kwenye mwili wake, geuza usome hapohapo kabla hujatoa hela, muuzaji akikwambia zote sawa we soma tu. Na kuna nyingine ya PS1, SCPH-1070, hiyo ni mtego mbaya zaidi maana kwenye ile PS2 nene inaingia vizuri kabisa ila ukiweka gemu ya PS2 hakuna kitu, inasoma kwenye gemu za PS1 tu.

Ya pili niliipata kwa mshkaji aliyekuwa anahama chumba anauza vitu vyake, SCPH-70120 orijino, imechubuka kidogo, elfu hamsini na tano. Hiyo ndo naizungumzia kuanzia hapa.

Siku ya kwanza nikajua nimepigwa tena. Nimechomeka pedi A na B, nikaweka gemu ya watu wawili ya kawaida, pedi ya pili imekufa. Nimezima nikawasha, nimepuliza matundu kama tulivyokuwa tunapuliza zamani, wapi. Baadaye ndo nikaelewa kwamba gemu isiyojua multitapu inasoma tundu A tu, na mchezaji wa pili anamtafuta kwenye tundu la pili la mashine yenyewe. Yaani B, C na D zinaamka pale tu gemu iwe imetengenezwa kuzitambua. Kwa hiyo sasa nina utaratibu wangu, pedi moja inakaa A, ya pili inakaa tundu la pili la mashine muda wote, gemu ikikubali watu wanne ndo naongeza B na C. Memori kadi yangu yenye FreeMcBoot (programu inayofungua mashine iendeshe programu zisizo za Sony) nimeihamishia slot ya pili, inawaka bila shida. Na multitapu yenyewe ina slot nne za kadi, kila mtu anaweza kuja na yake na sevu zake, ingawa siku hizi nani anatembea na memori kadi mfukoni.

Haya tuje kwenye raha yenyewe. Kwetu PS2 haijafa, banda la gemu la jirani bado wanayo na watoto wanapanga foleni, gemu ya mpira ya PES 2014 ilitoka kwa PS2 mwishoni mwa 2013 wakati watu wanasubiri PS4, na mafundi wanazidi kuichonga waweke vikosi vya msimu mpya. Tatizo la banda ni lile lile, aliyefungwa anapisha, kama huwezi unakaa kwenye benchi masaa mawili unaangalia wenzako. Kwangu sikukuu ya Idi tulikuwa watu tisa sebuleni, nikachomeka multitapu, wawili kwa wawili. Jamani. Mchezo unabadilika kabisa. Huwezi kumchukua mchezaji ambaye mwenzako ameshamshika, kwa hiyo lazima mwongee, na watu wetu hawajui kuongea wanajua kupiga kelele. "Toa! Toa mpira! We baki nyuma!" Binamu yangu mmoja ni wa kukimbia tu na R1, kile kitufe cha mbio, hajawahi kutoa pasi tangu azaliwe, kwenye mechi ya mmoja mmoja ulikuwa huoni tatizo lake, ukicheza naye timu moja unataka kumnyang'anya pedi. Tulifungwa nne bila na adui hakuwa mzuri, sisi kwa sisi ndo tulikuwa tunagombana. Usiku tukahamia Def Jam Fight for NY, watu wanne ulingoni, hadi mama akatoka chumbani akauliza kuna nini, akakaa, akaanza kushangilia.

Malalamiko yangu kwenye multitapu ni machache. Waya wake mfupi, inaning'inia karibu na mashine, na nyaya nne za pedi zikivutwa pamoja mashine nzima inatembea mezani, nimeshaiweka chini kwenye zulia ndo usalama wangu. Halafu pedi za bei rahisi za kichina, niliweka tatu pamoja moja ikawa inajibonyeza yenyewe, nimeibadilisha kwa orijino ya mtumba tatizo limeisha kwa hiyo multitapu haina kosa.

Sasa upande wa mtandao. Wengi hawajui lakini slim zote zina tundu la kebo ya LAN nyuma, tangu zile za 2004. Ile nene ndo ilihitaji adapta ya kuchomeka nyuma, Marekani ilianza kuuzwa Agosti 2002, na SOCOM, gemu ya vita, ikaja mwezi huohuo na hedseti ya kuongea na wenzako. Onlaini yenyewe rasmi imeshazimwa, seva za SOCOM zilifungwa 2012, Final Fantasy XI ya PS2 ndo ilivuta mpaka Machi 2016. Wapo mashabiki wameanzisha seva zao, unabadilisha DNS (mpangilio unaoielekeza mashine kwenye seva) unaingia, nilijaribu usiku mmoja nikakuta chumba kitupu, labda saa zetu na zao haziendani.

Kilichonivutia mimi ni LAN, yaani kuunganisha mashine zilizo karibu kwa kebo bila intaneti. Gran Turismo 4, gemu ya mbio za magari, ina sehemu ya kuunganisha mashine mpaka sita, kila mtu na TV yake, hakuna kugawa skrini. Onlaini ya kwenye intaneti waliikata kabla gemu haijatoka, wakabakisha LAN tu. Niliazima slim ya jirani, nikanunua swichi ya matundu matano na kebo mbili, jumla kama elfu thelathini na tano, CD mbili zinazofanana, na ikakubali. Laini kabisa, hakuna kukwama hata sekunde. Ila fikiria mwenyewe, TV mbili, mashine mbili, CD mbili, na umeme wa Tanesco uwe na huruma, yote hiyo ili watu wawili wakimbizane na magari.

Nikasema ngoja nijaribu XLink Kai na binamu yangu yuko Mwanza. Hii ni programu ya kompyuta inaidanganya mashine kwamba mwenzako yuko LAN moja na wewe kumbe yuko mbali. PS2 inachomekwa kebo kwenye laptopu, laptopu inachukua intaneti ya simu. Wiki nzima hatukuonana. Mwisho nikasoma nikaelewa, kwenye bando za simu wateja wengi mnagawana anwani moja ya intaneti, kwa hiyo kompyuta ya nje ikitaka kukugongea haipati mlango wako. Nikaenda kwa rafiki mwenye faiba, hapo tukaonana, tukakimbia mbio tatu, gari la binamu linaruka kama chura, mara yuko nyuma yangu mara yuko mbele, kwenye kona anapita ndani ya ukuta. Tulicheka sana lakini sio mbio ile, na stori tulizopiga kwa simu wakati tunaseti zilikuwa tamu kuliko gemu.

Kwa hiyo hela yako ikiwa ndogo weka kwenye multitapu na pedi mbili orijino za mtumba. Swichi na kebo nunua kama tayari una mtu mwenye PS2 ya pili karibu, na hata asipokuja, kebo hiyohiyo unapakilia gemu toka kwenye kompyuta kwa OPL (programu ya kucheza gemu bila CD), haraka kuliko fleshi maana USB ya PS2 ni ile 1.1 ya kobe. XLink Kai kama huna faiba achana nayo.

Kwa sasa natafuta 70120 ya pili, baadhi ya FIFA za PS2 zinakubali watu wanane kwa multitapu mbili na Idi ijayo wale tisa nataka wanane wawe na pedi mkononi. Wa tisa ni yule wa R1.