Kibali cha kukata njia na mkutano wa bajeti: yaliyonikuta baraza la mji, Pemba

Kazi yangu ni mapishi ya harusi. Maji kwangu ndiyo mtaji, maana shughuli ya watu mia tatu inakula madumu kabla mchele haujaoshwa. Miaka yote tukiyapata bondeni, kisimani, na bonde la Pemba ni bonde kweli: unashuka na dumu tupu unaimba, unapanda nalo limejaa huna hata pumzi ya kumjibu anayekusalimia. Mwaka jana nyumba sita za mtaa wetu tukachangishana tuvute mfereji, yaani maji ya bomba, kutoka bomba kubwa lililo upande wa pili wa njia. Ndipo nilipoanza kuingia na kutoka baraza la mji. Naandika kwa sababu kila wiki kuna anayeniuliza ilikuwaje, na nimechoka kusimulia nikiwa nakoroga sufuria.

Sitaji baraza lipi. Pemba ina mabaraza ya mji matatu, Chake Chake, Wete na Mkoani, na Micheweni wana halmashauri yao. Langu ni moja katika hayo matatu, basi. Miji yenyewe midogo, ukitaja ofisi umeshamtaja mtoto wa shangazi wa mtu.

Mwanzo ulikuwa mwepesi. Barua ya sheha, kiongozi wa serikali wa shehia yetu, niliipata siku ile ile, barazani kwake, kahawa haijapoa. Watu wa maji wakaja kupima, wakaandika paipu kiasi gani na viungio vingapi, wakaniambia jambo ambalo sikulijua: wao bomba ni lao, lakini njia ya mtaa si yao. Ukitaka kuikata njia ya ndani, kibali kinatoka baraza la mji; ingelikuwa barabara kuu ya lami, ningelitumwa serikalini kwengine kabisa. Kabla hujajaza fomu yoyote, ulize kwanza njia yako ni ya nani. Jirani yangu mmoja alizunguka mwezi mzima na karatasi sahihi kwenye ofisi isiyo yake.

Nikapeleka maombi mwezi wa Februari: barua ya sheha, mchoro wa watu wa maji, kopi ya kitambulisho changu. Kijana wa kaunta alinipokea vizuri, nisiseme uongo. "Shikamoo mama, karibu ukae." Akanigongea mhuri nakala yangu bila ya mimi kuomba. Hiyo nakala ikumbukeni, tutairudia.

Baada ya hapo faili likapotea. Halikupotea hasa, lilikuwa "juu". Nikienda masjala naambiwa, "Mama, faili lako liko juu, linasubiri sahihi." Wiki ya pili, juu. Wiki ya nne, juu. Jengo lile halina ghorofa. Mara ya tano nikamuuliza yule kijana, "Mwanangu, hiyo juu iko wapi nipande mwenyewe?" Akacheka, akanong'ona kwamba faili liko mezani kwa mhandisi, na mhandisi yuko kwenye mambo ya bajeti, na watu wa bajeti msimu ule huwaoni mpaka wakuone wao.

Nikapata akili. Kwa sheha palibandikwa tangazo kuwa baraza linakusanya maoni ya wananchi kwa ajili ya bajeti ya mwaka unaokuja, mkutano skuli, saa nne asubuhi, siku ya kazi. Nikasema mhandisi atakuwepo, nitamvizia huko huko. Ilikuwa Ramadhani, harusi hakuna, nafasi ninayo. Kwa hiyo ukweli nimwambie msomaji: mkutano wa kwanza wa bajeti niliohudhuria katika umri wangu wote sikuufuata kwa uzalendo, nilifuata sahihi.

Tulikuwa watu kama ishirini na tano, nusu yao watendaji wa baraza wenyewe. Saa nne asubuhi ya siku ya kazi mvuvi amelala, mwenye duka yuko dukani, mwalimu yuko darasa la pili akisomesha. Wanawake tulikuwa wanne. Diwani wa wadi yetu alikuja, alikaa mbele, alisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa.

Tukagaiwa karatasi. Mimi si msomi wa hesabu, lakini orodha ninaijua, orodha ndiyo kazi yangu. Anayekuja kunipa harusi namwandikia: mchele kilo kadhaa, nyama kilo kadhaa, vitunguu, samli, ndimu, kuni, mshahara wa wasaidizi, kila kitu na bei yake na kitakwenda kwenye sufuria gani. Nikimwandikia mtu "viungo" peke yake, laki tatu, atanifukuza uwani kwake, na atakuwa na haki. Sasa ile karatasi ya baraza ilikuwa na mstari mmoja: matengenezo ya njia za ndani. Pembeni fedha. Njia gani? Haikuandikwa. Mita ngapi? Haikuandikwa. Kifusi, kokoto au zege? Kimya.

Nikanyoosha mkono. Nikasema mimi mpishi, niwieni radhi, lakini hapa naona mmeniandikia viungo. Watu wakacheka, afisa mipango akacheka na yeye, kisha akajibu, "Mama, mchanganuo upo, utaoneshwa baadae." Baadae ipi? Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Kabla ya hapo madiwani wapitishe, kisha karatasi ziende wizarani, na wajumbe wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar wakae Chukwani, Unguja, mwezi wa tano na wa sita kujadili bajeti za serikali. Maoni yangu yana faida gani kama njia nitazioneshwa baada ya kila mtu kuwa ameshatia sahihi? Hilo nililisema, na likaandikwa, nilimuona mtu akiandika.

Nikatoa na pendekezo moja, na hili ningependa wenye mabaraza yote walisome. Mtaani kwetu njia imekatwa mara nyingi hata haina tena sura ya njia. Huyu anapitisha maji, yule anapitisha waya, mwengine bomba la maji machafu, kila mmoja na jembe lake na mwaka wake. Waliochimba kabla yetu walirudisha udongo kwa miguu, masika ikaja ikauzoa, pakabaki shimo refu la kupandia migomba. Nikasema: siku mnayotia kifusi njia yoyote, lazeni kabla paipu kubwa tupu mbili tatu zivuke chini kutoka upande hadi upande, muweke alama. Atakayetaka mfereji apitishe mpira wake humo, asikate kitu. Paipu tupu ni ghali kuliko kifusi kimoja, ni rahisi kuliko vifusi vinne. Mhandisi akaitikia kwa kichwa akasema ni wazo zuri sana. Wazo zuri sana, kwa lugha ya ofisini, maana yake nimesikia.

Nilipomkamata mlangoni akanisikiliza kwa adabu, akaniuliza jina la mtaa, akasema faili anakumbuka kuliona. Baada ya Idi nikapigiwa simu nikachukue kibali. Kwa hiyo, ndiyo, ule mkutano ulinifaa.

Malipo yalikuwa sehemu safi kuliko zote. Wanakupa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, ujumbe unaingia pale pale, hakuna mtu wa kumpa pesa mkononi. Nakumbuka zamani ulikuwa ukilipia kitu unatoka na kipande cha karatasi ya kaboni kisichosomeka, na huna hakika fedha imelala wapi. Kima cha ada niliomba nioneshwe kinatoka wapi, nikaletewa jedwali la sheria ndogo za baraza, nikasoma nikiwa nimesimama. Hakuna aliyenuna. Ukienda, omba na wewe. Mabaraza yamepewa uwezo wa kutunga sheria ndogo na Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya 2014, na kilichotungwa kwa ajili ya mwananchi hakina siri kwa mwananchi.

Kibali kilikuwa cha siku kumi na nne. Kimetoka Aprili. Anayeijua Pemba ameshacheka. Masika ilishuka siku ya pili yake, udongo wetu mwekundu ukawa uji, fundi akichimba mita moja nusu mita inamporomokea. Siku kumi na nne zikaisha mtaro uko nusu na umejaa maji, watoto wanavulia vyura. Nikarudi kaunta nimejiandaa kwa vita. Yule kijana akatazama mvua dirishani, akaingia ndani, akatoka na kibali kimeongezwa wiki tatu, mhuri juu, ada ya pili hakuna. "Mama, hii mvua hatukuleta sisi wala wewe." Kwa neno hilo moja nimewasamehe hadithi yote ya "juu".

Tukamaliza Mei. Sharti la kibali lilikuwa bomba lipite kina cha mita moja chini ya njia, na udongo ushindiliwe tabaka kwa tabaka. Fundi alitaka kuishia magotini, nikamwambia chimba, mimi nitakaa na kiti hapa. Nikakaa na kiti. Anayesimamia biriani ya watu mia tatu hashindwi kusimamia shimo.

Maji yalitoka. Siku ya kwanza niliwacha mfereji wazi nikaangalia tu, kama mjinga.

Sasa njooni Septemba. Bajeti mpya imeshaanza, na mstari wa "njia za ndani", kumbe ndani yake imo njia yetu! Hakuna aliyetwambia. Asubuhi tunasikia greda. Furaha, watoto mbio, akina mama mlangoni. Greda likapita katikati, hakuna taabu, bomba liko mita moja chini. Kisha likageuka pembeni kuchonga mtaro wa maji ya mvua, pale ambapo bomba letu linapanda kuingia majumbani. Maji yakaruka mpaka kwenye dirisha la greda. Ilikuwa Alhamisi, na mimi Jumamosi nina harusi.

Nilikwenda ofisini na vitambaa vya jikoni bado begani. Hapa ndipo nilipoelewa kitu ambacho miezi yote sikukiona. Kibali changu kilikaa kwenye faili la vibali. Njia yangu ilikaa kwenye faili la bajeti. Mlango mmoja, koridori moja, na mafaili hayo mawili hayajawahi kusalimiana. Aliyepanga greda hakujua kuna bomba. Aliyenipa kibali Aprili hakujua njia ile ile imeshaandikwa kuchongwa, au alijua hakuona kuwa inamhusu. Wangeniambia subiri Septemba, chimbeni pamoja na greda, ningelingoja. Nyumba sita tungeokoa gharama ya fundi, na wao wangeokoa aibu.

Wakaanza kuniuliza kama nilikuwa na ruhusa ya kuchimba. Nikatoa ile nakala yenye mhuri, na kibali, na nyongeza yake, vyote ndani ya mfuko wa nailoni ambao huwa naweka orodha za harusi. Pakawa kimya. Mhandisi akasema, "Mama, umetunza vizuri kuliko sisi." Fundi alitumwa jioni ile ile, paipu na kiungio vikatoka baraza, sikulipa hata senti. Ijumaa kabla ya sala maji yamerudi. Jumamosi watu wamekula.

Kwa hiyo mkiniuliza kama baraza la mji ni zuri au baya, nashindwa. Watu wake niliwaona wema karibu wote, na haraka yao wakitaka ni haraka kweli. Siku moja tu ilitosha kutengeneza kilichoharibika, na kibali cha karatasi mbili kilichukua wiki tisa. Ukiomba, omba mapema, Januari ikiwezekana, ili masika isikukute na shimo. Uliza kwa maandishi kama njia yako imo katika bajeti ya mwaka ule au unaofuata. Kila karatasi gongesha mhuri nakala yako. Na mkutano wa maoni nenda hata kama huna faili la kulivizia, ingawa saa nne asubuhi wangelibadilisha, walau iwe baada ya alasiri.

Zile paipu tupu za kuvukia hazikulazwa. Nimemuuliza diwani, amesema amelipeleka tena mwaka huu na ameandika jina la mtaa na idadi, si "viungo". Kwa sasa tumechomeka kijiti chekundu pale bomba linapopanda. Dereva wa greda akipita mtaani anapiga honi mlangoni kwangu, natoka na mwiko mkononi namuonesha.